Ngozi ya Mbuzi Asiye na Kichwa

Lori la mawe kutoka Rupa halikusimama papo hapo.
Lilisimama mbele, karibu na mnara wa simu,
dereva akashuka na noti tayari mkononi,
kama mtu aliyezoea.
Elfu sitini. Sikuzihesabu.
Nilikuwa natazama tairi,
na kichwa ambacho hakikuwa kichwa tena.

Nyama tuliila. Nani hutupa nyama Moroto?
Ngozi ilibaki nzima,
ya kijivu, yenye baka jeupe ubavuni,
bila hata tundu moja.

Mama mkwe wangu Napeyok akaigeuza, akainusa,
akauliza: "Ubongo uko wapi?"
"Uko barabarani, mama."

Akanyamaza.
Kwake yeye ngozi hulainishwa kwa ubongo,
ukapondwa kwa vidole katika maji vuguvugu
mpaka uwe kama uji wa mgonjwa.
Ndivyo ilivyolainishwa sketi aliyoolewa nayo,
ile iliyoliwa na mchwa mwaka wa njaa.

Nikasema nitatumia mayai.
Akacheka mpaka akashika mbavu.
"Mayai! Unataka ngozi itage?"

Siku nne ilalale kwenye pipa la majivu,
lalala, pinduka, lalala,
mpaka manyoya yakaachia yenyewe.
Nikaitandaza juu ya gogo, nikakwangua
kwa mgongo wa panga.
Manyoya yakaganda viwikoni.
Watoto wa Camp Swahili wakapita wameziba pua,
wakanipa jina: Mama Fisi.
Nikaitika.

Nikaisuuza maji matatu.
Ya nne nikayatia ukwaju,
maana majivu ni mkaidi,
hayaombwi kutoka,
yanafukuzwa kwa uchachu.

Wandera wa roleksi ana kibanda karibu na stendi.
Tulipatana: mayai kumi na mawili,
viini vyangu, ute wake, bei nusu kwa nusu.
Asubuhi ile wateja wake walikula roleksi nyeupe
wakadhani ni mtindo mpya wa Kampala.

Viini.
Sabuni ya mche, kipande cha kidole, nimeiparuza.
Mafuta ya alizeti, vijiko vitatu
(cha nne nilikirudisha kwenye chupa, kesho kuna mboga).
Nikakoroga kwa maji ya moto kidogo,
ikatoka rangi ya koti la bodaboda.

Napeyok akachungulia beseni.
"Hiyo ni keki," akasema.
Lakini mikono yake haikuvumilia.
Akachutama. Akaingiza vidole.
Akaanza kupaka kutoka shingoni, mahali shingo ilipoishia,
taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

Kisha kukamua. Kisha kuvuta.
Yeye huku, mimi kule,
miguu imekita ukutani.
Ngozi inayokauka haina subira ya chai.
Ukiiacha uitikie hodi, ukirudi ni bati.
Tukaivuta mpaka adhuhuri,
tukaisugua kwenye waya wa uzio,
tukaipaka tena, tukaivuta tena,
na mahali pale pa baka jeupe
pakaanza kulegea kama sikio.

Alasiri akasema, bila kunitazama:
"Miaka yote hii nausifu ubongo.
Kumbe yalikuwa mabega yangu."

Jioni tukaishona kama gunia,
tukaifunika juu ya kishimo cha moshi,
samadi kavu na kuni zilizooza,
ili mvua ikija isiirudishe ubichi.
Ikatoka na rangi ya chai ya rangi.
Napeyok akaikunja, ikakunjika.
Akaikunjua, ikakubali.
Hakusema kitu kuhusu mayai.

Yuko mtoto wake, yule mbuzi.
Wiki tano, anayanyonya maziwa
kwenye chupa ya soda.
Nilipoitandika ngozi ndani, alikuja upesi,
akainusa ukingo hadi ukingo:
yai, sabuni, ukwaju, moshi.
Hakumkuta mtu anayemjua.

Akapiga chafya.
Akazunguka mara mbili,
akakunja magoti, akalala juu yake,
kwa sababu sakafu ilikuwa baridi.